Mparachichi Mkongwe Nyuma ya Jiko: Kuukata na Kuubebesha Wote, Kuubebesha Tawi kwa Tawi, au Kupanda Mche Mpya

Katika vijiji vingi vya Rungwe nyumba ya siku nyingi hutambulika kwa mparachichi mkubwa uliosimama nyuma ya jiko, ambao hakuna mwenye uhakika kama ulipandwa au uliota wenyewe kutokana na kokwa iliyotupwa na watoto. Mti wa namna hiyo huweza kufikia mita 15 na zaidi. Matunda yake ni ya kienyeji, mengine ya duara na mengine yenye shingo ndefu kama kibuyu, na ngozi yake ni laini kiasi kwamba tunda lililosafirishwa kwa gunia hadi Mbeya mjini hufika limechubuka. Tangu parachichi za aina ya Hass zilipoanza kutafutwa kwa ajili ya soko la nje, miti hii imekuwa ikitazamwa kwa jicho la msumeno, na kila mvua zinapokaribia watu huulizana kama mti ukatwe na kubebeshwa, yaani kuunganishiwa, aina mpya, au uachwe na nguvu zielekezwe kwenye miche.

Swali hilo kwa kawaida hujibiwa kwa hesabu ya kilo na bei peke yake. Hapa ninalijibu kwa ajili ya mtu mwenye mti mmoja, miwili au mitano, anayetaka matunda bora ya kula na kuuza, lakini ambaye pia amezoea kusikia ndege kulukulu asubuhi, ana mizinga miwili pembeni ya shamba, na asingependa kuamka siku moja akute ua wake umenyamaza. Njia zenyewe ni tatu: kuukata mti wote na kuubebesha kwa mara moja, kuubebesha tawi kwa tawi kwa misimu kadhaa, au kuuacha ulivyo na kupanda pembeni yake mche uliokwisha kubebeshwa kitaluni. Niseme mapema kwamba kwa mti wenye afya ninaegemea njia ya pili, ingawa ziko hali ambazo njia hiyo ni kupoteza muda.

Kubebesha ni kuchukua kikonyo, yaani kipande cha ncha ya tawi lililokomaa chenye macho yaliyovimba, na kukifunga kwenye shina la mti mwingine ili tabaka la kijani lililo chini ya magome ya pande zote mbili ligusane na kuungana. Kikonyo kitazaa matunda ya mti kilikotoka, na mizizi itabaki kuwa ya mti wa zamani. Udugu wa miti ndio unaoamua kama muungano utashika. Parachichi hubebeshwa juu ya mparachichi, embe juu ya mwembe, chungwa huweza kukaa juu ya mlimao, na plamu na fyulisi, ambazo wengi wetu huziita pichesi, mara nyingi hupokeana kwa sababu ni ndugu wa karibu. Anayekuahidi kubebesha embe juu ya mparachichi ana shida ya fedha.

Viumbe wanapata nini hasa kwenye mparachichi

Ulinganisho wowote utapotoka tusipokuwa wakweli kuhusu jambo hili. Watu wengi hudhani kwamba ndege hufaidi parachichi, ilhali tunda hilo halilainiki likiwa mtini. Hubaki gumu hadi lichumwe au lianguke, na ndipo huiva baada ya siku kadhaa. Shore au kuzumburu hana la kufanya na parachichi gumu linaloning'inia. Wanaofaidi ni wale wanaookota chini usiku, yaani nungunungu, fungo na kanu, pamoja na mbwa wa jirani, ambaye hapa kwetu hunenepa msimu wa maparachichi kuliko msimu wa harusi.

Faida kubwa ya mti huu iko katika vitu viwili visivyopimwa kwenye mizani ya mnunuzi. Cha kwanza ni maua. Mparachichi mmoja mkubwa hutoa maua kwa mamia ya maelfu, na ni chini ya asilimia moja ya hayo yanayofikia kuwa matunda ya kuchumwa. Yaliyobaki ni chakula cha nyuki, nzi wa maua na nyigu wadogo, wakati ambapo kiangazi kimekwisha kukausha maua mengine mengi ya shambani. Cha pili ni majani yenyewe. Mparachichi hauwi mtupu mwaka mzima, na katika ua uliozungukwa na chai, migomba na mahindi, huenda ndio mti pekee wenye kivuli kizito, wenye matawi manene ya kubeba viota, na wenye matundu ambayo kwenzi na komba huyatumia. Kwa hiyo anayelinganisha njia za kubebesha ajiulize kwanza kila njia itaondoa kivuli na maua kwa muda gani. Idadi ya matunda yatakayoachiwa ndege ni jambo la baadaye.

Kuukata mti wote

Kwa anayetazama soko peke yake, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Mti hukatwa kwa msumeno kwenye kimo cha kama mita moja kutoka ardhini, vikonyo viwili hadi vinne huchomekwa chini ya gome la kisiki, na kwa kuwa mizizi iliyokuwa ikilisha mti wa mita 15 sasa inalisha machipukizi machache, ukuaji wake hushangaza. Palipo na rutuba na maji, mti huanza kutoa matunda ya aina mpya kati ya mwaka wa pili na wa tatu, ukiwa bado mfupi kiasi cha kuchumwa kwa ngazi ya kawaida, na matunda yote yakiwa ya aina moja, jambo ambalo wanunuzi hulipenda.

Gharama yake ni kwamba kila kitu nilichokitaja hapo juu huondoka kwa siku moja. Maua hayapo kwa misimu miwili, kivuli hakipo, na ndege waliokuwa wakilala humo huhama bila kuaga. Gome la kisiki, lililoishi kivulini miaka 40, hukutana ghafla na jua kali, na lisipopakwa chokaa huungua na kupasuka, ndipo ukungu na wadudu hupata mlango. Jirani yangu aliukata wa kwake mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikachelewa, na mtu aliyemletea vikonyo alikuwa amevibeba mfukoni mwa koti tangu alfajiri bila hata kuvifunga kwenye gazeti lililolowa. Ilipofika Novemba vikonyo vyote vilikuwa vimekauka kama njiti za kiberiti. Mti ulichipua wenyewe kutoka chini, lakini yalikuwa machipukizi yaleyale ya kienyeji, na mwenye mti akajikuta amerudi alikoanzia bila kivuli na bila matunda. Nilipokitazama kisiki hicho baadaye niliona kwamba mikato ilikuwa mizuri. Kilichokosekana ni tawi hata moja lenye majani la kuilisha mizizi wakati vikonyo vikijitafuta.

Liko na jambo la mifugo, ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Mti mkubwa ukianguka, ua mzima hujaa majani, na mwenye mbuzi huona hiyo ni neema. Majani ya mparachichi, hasa ya aina zenye asili ya Guatemala na machotara wake kama Hass na Fuerte, yana sumu iitwayo pesini, ambayo huweza kuharibu kiwele cha mbuzi anayenyonyesha na, yakiliwa kwa wingi, kuudhuru moyo. Ndege wa kufugwa, kasuku kwa mfano, huweza kufa kwa kula tunda lenyewe. Kwa kuwa mti wa kienyeji haujulikani asili yake, matawi yaliyokatwa yapelekwe kwenye mboji mbali na zizi, na mbuzi wafungwe siku hiyo.

Kukata mti wote kuna mahali pake. Ua wenye miti mingine mikubwa mitatu au minne hautapoteza kitu kikubwa mmoja ukishushwa, na mti unaoegemea paa la nyumba hauna haja ya mjadala mrefu.

Kubebesha tawi kwa tawi

Mafundi wazuri hujua kwamba kisiki kikiachiwa tawi moja lenye majani, mizizi hailali njaa wakati vikonyo vinaposhika, na wapo wanaoliita tawi la kunyonyesha. Kwa desturi tawi hilo huondolewa aina mpya ikishaanza kukua. Njia ninayoipendekeza inalifanya jambo hilo la muda kuwa la kudumu: mti wenye matawi makuu manne hukatwa mawili mwaka wa kwanza, la tatu hukatwa baada ya misimu miwili wakati yale ya kwanza yameshatanda, na la nne halibebeshwi kabisa. Likiwezekana, linaloachwa liwe la upande wa magharibi, ili jua la alasiri lisivipige visiki. Mti hauwi mtupu hata siku moja, na maua ya tawi la zamani huendelea kuja kila mwaka.

Siku ya kwanza ya kubebesha nyumbani kwetu ilikuwa ya mawingu, mwishoni mwa Novemba, baada ya mvua mbili za kutosha. Kijana aliyekuja alikuwa wa rika la mwanangu wa mwisho. Alipanda ngazi, akachana gome la kisiki kwa urefu wa kidole, akaliinua kwa ncha ya kisu, na chini yake kukawa na utelezi kama wa sabuni iliyolowa. "Mama, gome lisipoinuka kirahisi namna hii, unashuka, unangoja mvua nyingine," aliniambia. Kikonyo kilikuwa na unene wa penseli na urefu wa kiganja, majani yake yakiwa yameondolewa na kubakizwa vijiti vyake tu. Alikichonga upande mmoja kwa mkato mmoja mrefu ambao hakuurudia, akakisukuma chini ya gome hadi kidonda kikabaki kidogo tu juu, akakaza kwa utepe wa nailoni, akakivisha kifuko chepesi, na juu ya kifuko akaweka bahasha ya kaki ili jua lisikipike kilichomo. Kabla ya kuhamia kisiki cha pili alikifuta kisu kwa maji yenye jiki. Nilipomuuliza sababu alieleza kwamba yako maradhi ya parachichi ambayo mti hubeba miaka mingi bila dalili, na kisu au kikonyo huweza kuyahamisha, maelezo ambayo ni sahihi.

Wiki ya tano macho yalifunguka. Wakati wote huo kuzumburu waliendelea kulala kwenye tawi lililobaki, wamesongamana kifua kwa kifua kama walivyozoea, na ni wao walioniletea tatizo ambalo sikulitarajia. Chipukizi jipya lenye urefu wa shubiri tatu, likiwa limesimama juu ya kisiki kitupu, ni mahali pa kuvutia sana kwa ndege kutua, na muungano wa miezi miwili bado haujapata nguvu ya kubeba kitu. Chipukizi mbili zilivunjika kwenye maungio ndani ya juma moja. Dawa yake ni rahisi: fito ya mwanzi ifungwe kwenye kisiki ikizidi kimo cha chipukizi kwa nusu mita, ndege watue juu ya fito, na chipukizi lenyewe lifungwe kwa ulegevu kwenye fito hiyo ili upepo usilivunje.

Kosa letu kubwa lilikuwa kwingine. Vikonyo vya awamu ya kwanza vilinunuliwa kwa mtu aliyeapa kwamba ni Hass, na matunda yalipotoka mwaka wa tatu yalikuwa ya ngozi laini, yenye umbo la peasi, na yalibaki ya kijani hata baada ya kuiva, wakati Hass huiva kwa kugeuka rangi na kuwa nyeusi. Ilikuwa Fuerte. Nilikasirika, kisha nikajifunza kwamba sikuwa nimepoteza kila kitu. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha likiwa dume, na aina zimegawanyika katika makundi mawili kwa kufuata saa. Hass hufunguka jike asubuhi na kurudi dume alasiri ya siku inayofuata. Fuerte hufunguka jike alasiri na kurudi dume asubuhi ya siku inayofuata. Kwa hiyo asubuhi, wakati maua ya Hass yanasubiri chavua, maua ya Fuerte ndiyo yenye chavua ya kutoa, na nyuki anayetoka tawi moja kwenda jingine anafanya kazi ambayo shamba la aina moja tupu halimrahisishii. Tawi la kienyeji lililoachwa nalo ni la mojawapo ya makundi hayo. Awamu ya pili nilivikata vikonyo vya Hass mwenyewe, kwenye mti ambao matunda yake nimeyala.

Liko jambo jingine linalonifanya nisiikubali njia ya kwanza kirahisi. Kila Hass iliyoko Rungwe, Njombe au popote duniani imetokana kwa kubebeshwa na mti mmoja uliooteshwa kwa kokwa na Rudolph Hass, tarishi wa California, aliyeusajili kwa hataza mwaka 1935. Mti huo mama ulikufa mwaka 2002, lakini matawi yake, kwa maana halisi ya neno, yangali yanaishi kwenye mashamba yetu. Mparachichi wa kienyeji ni kinyume chake, kwa kuwa uliota kwa kokwa na hakuna mwingine unaofanana nao kabisa. Ukikatwa wote na kubebeshwa, mizizi hubaki, lakini tunda lile, pengine lenye mafuta mengi kuliko yote mtaani au linaloiva wakati wengine wamemaliza, halitaonekana tena. Tawi moja lililoachwa ni hifadhi ya mbegu isiyohitaji jengo, na vikonyo vyake vinaweza siku moja kubebeshwa kwingine.

Njia hii ina usumbufu wake. Tawi la zamani lina nguvu na lisipopunguzwa kila mwaka baada ya mavuno hulifunika la aina mpya, kisha baada ya miaka mitano unajikuta na mti uleule ulioanza nao. Machipukizi ya kienyeji yanayotoka chini ya maungio lazima yapogolewe kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Mavuno yanahitaji macho mawili kwa sababu matunda ya aina mbili yako mti mmoja, na kimo cha mti hubaki kirefu kuliko cha mti uliokatwa wote. Kwa mwenye miti 80 ya ekari moja, kazi hiyo haiwezekani. Kwa mwenye mitatu, ni kazi ya Jumamosi mbili.

Kupanda mche uliobebeshwa

Njia ya tatu haihitaji maelezo mengi, kwa sababu wengi tumeshaifanya. Mche uliobebeshwa kitaluni huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa nne, ilhali uliooteshwa kwa kokwa bila kubebeshwa huweza kumngojesha mwenyewe miaka saba na kuendelea. Mti mkongwe unabaki mzima, ndege hawasumbuliwi, na ukikosea aina umepoteza mche na si mti. Kinachohitajika ni nafasi, kwa kuwa mche hautakua chini ya kivuli cha mkongwe, na unahitaji mita saba hivi za upana wake pamoja na maji ya kiangazi kwa miaka miwili ya mwanzo. Katika viwanja vya Mbeya mjini nafasi hiyo mara nyingi haipo, na hapo kubebesha tawi hushinda bila ushindani.

Iko hali moja ambayo njia ya tatu ndiyo pekee yenye akili, nayo ni mti mkongwe unaougua mizizi. Ukiona majani yamekuwa madogo na ya rangi ya njano, matawi ya juu yanakauka kuanzia ncha, na matunda ni mengi lakini madogo madogo, huenda kuvu inayoozesha mizizi imeshaingia, hasa penye udongo unaotuamisha maji. Kubebesha juu ya mizizi ya namna hiyo ni kujenga ghorofa juu ya msingi uliooza. Mti huo uachwe usimame muda wote unaoweza bila kumhatarisha mtu, kwani hata mti mkavu una kazi kwa ndege wanaotoboa matundu, na mche mpya upandwe mbali, sehemu ya juu ya mteremko.

Aina ya tunda huamua zaidi ya njia

Kama shabaha yako ya kwanza ni ndege, ukweli ni kwamba parachichi si tunda la kuanza nalo, kwa njia yoyote ile. Matunda yanayolainika mtini ndiyo yanayowalisha. Katika maeneo ya baridi ya Njombe, Makete na Mufindi, plamu na fyulisi za zamani zinazozaa matunda madogo machachu zinaweza kubebeshwa aina bora kwenye nusu ya mti, na nusu nyingine ikaachiwa kwenzi na shore, ambao hawajali uchachu hata kidogo. Matufaha nayo hufaidika kwa kuchanganywa. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israel na isiyohitaji baridi nyingi, huzaa vizuri zaidi ikiwa na jirani anayechanua wakati mmoja, kama Dorsett Golden ya Bahamas, na jirani huyo anaweza kuwa tawi la mti huohuo. Miti hii hubebeshwa mwishoni mwa baridi, kabla macho hayajafumuka, kwa hiyo kalenda yake ni tofauti na ile ya mparachichi.

Kyela na Usangu ni nchi ya miembe, na mwembe hubebeshwa kwa namna ya pekee: tawi hukatwa, huachwa litoe machipukizi kwa miezi michache, machipukizi hupunguzwa yakabaki yenye nguvu, na hayo ndiyo yanayobebeshwa. Hapa kuchanganya aina kuna faida ya wazi kwa viumbe, kwa kuwa Keitt huchelewa kuiva kuliko Tommy Atkins, na tawi la embe za kienyeji likibaki, meza ya popo na ninga hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Mwenye kuuza anaweza kuyavisha matunda yake mifuko ya karatasi na kuliacha tawi la kienyeji bila kinga.

Katika miombo ya Iringa na Mbeya upo mkusu, ambao watu wengi huufahamu kwa masuku yake kuliko kwa jina lake. Mkusu una mti dume na mti jike, na ulioota kwa mbegu huweza kuchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa, au kabla ya kugundulika kuwa ni dume asiyezaa kabisa. Mche wa mkusu uliobebeshwa kikonyo cha mti jike huzaa baada ya miaka michache na huondoa kamari hiyo. Madume wachache waachwe karibu kwa ajili ya chavua. Kwa maoni yangu hapa ndipo kubebesha kunakowafaa nyani, ndege na watoto wa shule kwa pamoja kuliko mahali pengine popote katika nyanda hizi, na inasikitisha kwamba vitalu vingi haviooteshi mkusu.

Mkuyu hauhitaji kisu. Mikuyu ya eneo moja haizai kwa pamoja, hivyo mwaka mzima huwa kuna mmoja wenye matunda, na hondohondo, kulukulu na ninga huufuata. Mwenye mkuyu ukingoni mwa kijito ameshapita hatua zote tunazozijadili. Kuhusu mapera, ndege huyapenda sana, na hiyo ndiyo hofu yangu: mbegu zake husambazwa kila mahali, na mpera hugeuka kichaka kinachosonga miti ya asili. Karibu na msitu nisingeupanda.

Umbali na msitu, na nzi

Karibu na misitu ya Rungwe na Kitulo ulinganisho hubadilika. Huko ndiko anakoishi kipunji, tumbili ambaye watafiti walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza rasmi mwaka 2005, ingawa wenyeji walikuwa wakimtaja zamani. Shamba linalopakana na msitu halifai kuwa na matunda laini ukingoni, kwa sababu kumzoesha mnyama kula shambani ni kumtafutia ugomvi na mwenye shamba la mahindi la jirani, na katika ugomvi huo mnyama ndiye anayeumia. Hapo miti iliyopo iachwe kama ilivyo, na kazi ya kubebesha ifanywe kwa miti iliyo karibu na nyumba.

Kila mahali, matunda yanayoachwa kwa ajili ya viumbe yana mgeni asiyealikwa. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga kwenye embe, mapera na matunda mengine mengi, na funza wake hukamilisha ukuaji wao kwenye tunda lililoanguka. Tawi la ndege lisiwe kisingizio cha kuacha uozo chini ya mti. Mimi huacha yaliyoko mtini, na yaliyoanguka huokotwa kila baada ya siku mbili: mazima hutupwa ukingoni mwa shamba wanakopita fungo na nungunungu, na yenye funza hufukiwa shimo la nusu mita au hufungwa kwenye mfuko mweusi na kuanikwa juani hadi yaive kwa joto. Wanaouza kwa wanunuzi wa nje wawe wakali zaidi, kwa kuwa tunda moja lenye funza huweza kufanya mzigo mzima ukataliwe.

Mti wetu wa tatu, ulio karibu na barabara, una tawi lenye tundu ambalo kwenzi wamelitumia misimu miwili mfululizo. Fundi amekwisha kuniuliza mara mbili kwa nini tusilianze hilo, maana ndilo nene kuliko yote na lingebeba vikonyo vinne. Nimemwonyesha matawi mawili ya upande wa mashariki, na tumekubaliana aje wiki moja baada ya makinda kuruka.